Wape vijana nafasi ya kuchagua

Dada, umesema wanao wa miaka 13 na 16 wamechoshwa na ufukwe na hujui uwapeleke wapi kiangazi hiki. Usiwachagulie. Wape sehemu mbili tatu zinazolingana na mfuko wako, waamue wao. Aliyechagua mwenyewe hanuni sana. (Kidogo atanuna, zoea tu.)

Mimi ningeanza na Iceland. Mwezi Juni usiku hauingii giza kabisa, na kuna maporomoko ya maji, barafu na volkano. Ila ni ghali. Ikikushinda, tazama Slovenia: mto Soča una maji ya kijani na kasi ya kutosha kupiga kasia mpaka mpige kelele.

Asubuhi msipange kitu. Waache walale.