Kufunga dashikamu kwenye gari la umeme: chunga ile betri ndogo

Gari la umeme lina betri mbili, na dashikamu, ile kamera ya kwenye kioo cha mbele inayorekodi barabara, inakula kwenye ile ndogo. Ukilielewa hilo kabla hujamwita fundi, mengine yote yatakuwa mepesi. Naliweka mwanzoni kwa sababu karibu kila anayeniuliza habari za kufunga kamera anaanzia upande mwingine: "Betri yangu ni ya kilowati-saa 40, kamera itanipunguzia kilomita ngapi?" Haitakupunguzia hata moja ya kuonekana. Kinachoweza kutokea, ikifungwa ovyo, ni kuamka asubuhi ukakuta gari lina chaji tele na haliwaki.

Betri kubwa, yenye volti 300 na zaidi kwenye magari mengi, kazi yake ni mota, kiyoyozi na kuichaji mwenzake. Betri ndogo ya volti 12 inalisha taa, loki za milango, redio, kompyuta zote, na pia zile swichi kubwa zinazoiunganisha betri kubwa na gari. Swichi hizo zisipopata umeme wa volti 12 haziunganishi, na betri kubwa inabaki imejifungia na utajiri wake. Alternata hakuna. Kuna konveta inayoshusha umeme wa betri kubwa na kuichaji ndogo pale gari likiwa limewashwa tayari kuondoka, au likiwa kwenye chaji. Ukishazima na kufunga milango, betri ndogo iko peke yake, ingawa baadhi ya magari huamka yenyewe mara moja moja kuiongezea.

Sasa piga hesabu. Dashikamu ya mbele na nyuma iliyoachwa kwenye modi ya pakingi, yaani ikirekodi gari likiwa limeegeshwa, inakula kama wati 4. Kwa saa 24 hizo ni wati-saa 96. Betri ndogo ya asidi ya ampea-saa 45 ina takriban wati-saa 540 ikiwa mpya na imejaa, na haipendi kushushwa chini ya nusu. Kwa hiyo siku tatu hazifiki umeshaimaliza nusu yake, kabla hujahesabu king'ora na kipokezi cha rimoti ambavyo navyo vinakula humo humo. Betri iliyokaa Dar kwenye joto letu miaka kadhaa haina hata huo ujazo wa mwanzo.

Jirani yangu mmoja wa Tabata alisafiri Moshi msibani, gari akaliacha uani wiki nzima na kamera ikirekodi. Aliporudi, rimoti haikufungua mlango. Fundi wa kwanza aliyeitwa akafungua boneti, akatikisa kichwa, akamwambia betri kubwa imekufa na akaanza kumtajia bei za kuagiza nyingine Japani. Bei yenyewe ilikuwa ya kumfanya mtu auze kiwanja. Tulipoweka mita kwenye betri ndogo ikasoma volti 6 na pointi. Tukalibusti kutoka kwenye gari lingine, dashibodi ikawaka, na betri kubwa ilikuwa pale pale alipoiacha, asilimia 70 na ushee. Kwa hiyo gari la umeme likigoma, pima betri ndogo kwanza, kabla hujamsikiliza mtu yeyote anayetaja mamilioni. Kulibusti gari la umeme inaruhusiwa kwa utaratibu ulio kwenye kitabu chake. Kulitumia gari la umeme kumbusti mwenye gari la mafuta ni jambo watengenezaji wengi wanalikataza, kwa sababu halikuundwa kusukuma staata ya mtu mwingine.

Dawa ya tatizo la jirani ni seti ya waya za kuunganishia (hardwire kit) yenye kikata umeme, kinachoizima kamera volti za betri ndogo zikishuka. Usikubali kamera ichomekwe kwenye soketi isiyozima, na usikubali ile mitego ya kuchukua umeme kwenye soketi ya uchunguzi iliyo chini ya usukani. Kwenye baadhi ya magari inazizuia kompyuta kulala, na kompyuta zilizo macho zinakula kuliko kamera yenyewe. Seti nzuri ina waya tatu: mmoja wa umeme wa kudumu, mmoja wa umeme unaokuja gari likiwashwa, na mmoja wa bodi. Mara nyingi ni njano, nyekundu na nyeusi kwa mpangilio huo, ila soma karatasi iliyokuja nayo, maana watengenezaji hawafanani. Kati ya waya hizo na kamera kuna kikasha kidogo kinachoshusha volti 12 kuwa 5, na humo ndimo mna kikata umeme. Unakichagulia kiwango: 11.8, 12.0, 12.2, wakati mwingine 12.4.

Mafundi wengi wanakiacha kwenye 11.8 kwa sababu kamera itarekodi muda mrefu zaidi. Kwa betri ya asidi, 11.8 ni betri iliyokwisha. Betri hiyo ikijaa na kutulia husoma 12.6 au 12.7, na ikifika 12.2 imebaki kama nusu. Mimi naweka 12.2 na sijutii. Kwenye gari langu kiasi hicho kinanitosha usiku mzima na asubuhi gari linawaka bila wasiwasi. Nikijua nasafiri, naichomoa kamera kabisa. Kama una BYD, uliza kwanza betri ndogo ni ya aina gani. Baadhi zinatumia ya lithiamu-chuma, ambayo volti zake hazishuki taratibu: inakaa juu ya 13 muda mrefu, halafu inaporomoka ghafla mwishoni. Ukiiwekea 12.0 kikata umeme kitastuka mambo yameshaharibika.

Kazi yenyewe ya kuunganisha haihitaji gereji kubwa. Kariakoo na Gerezani wapo mafundi umeme wa magari wenye mikono safi sana, wengi hawajawahi kugusa gari la umeme, na hilo lisikutishe mradi wakusikilize. Niliyempata mimi alikuja nyumbani na taa ya kupimia, ile yenye sindano ya kutoboa waya. Nikamwomba aiweke pembeni, nikampa mita.

"Bosi, hii taa nimefanyia kazi miaka yote," akaniambia.

"Naamini fundi, ila humu kuna waya wa eabegi, ile mifuko ya hewa ya ajali, na taa hiyo ikivuta umeme humo inaweza kuifumua. Tupime kwa mita."

Akacheka kidogo, akachukua mita. Baada ya hapo tulielewana vizuri, na ukweli ni kwamba alifanya kazi kwa unadhifu kuliko wengi niliowaona. Rangi mbili nilimwonyesha tangu mwanzo. Waya wa rangi ya machungwa ni wa betri kubwa: hauguswi, hautobolewi, haupitishiwi kitu karibu yake, hata kama unaonekana uko njiani tu. Soketi za njano chini ya dashibodi na kwenye nguzo za kioo ni za eabegi, nazo ziachwe. Kazi ya dashikamu haina sababu hata moja ya kukufikisha kwenye machungwa. Fundi akianza kuelekea huko, msimamishe.

Kwenye boksi la fyuzi unatafuta sehemu mbili, moja yenye umeme muda wote na nyingine yenye umeme gari likiwashwa. Hapa gari la umeme lina ujanja wake. Ukizima na kupima papo hapo, fyuzi nyingi zitaonyesha umeme, kwa sababu gari bado halijalala. Funga milango, weka rimoti mbali, subiri kama nusu saa ndipo upime. Ukiwa na haraka utaunganisha waya wa kudumu kwenye fyuzi inayokufa dakika 20 baadaye, halafu utalalamika kamera ni feki. Kwa umeme wa kuwasha gari, fyuzi ya soketi ya kuchajia simu ndiyo chaguo langu. Fyuzi za breki, usukani na eabegi zisiguswe hata kama zipo karibu na zinashawishi.

Unganisha kwa fyuzi tapu, kile kishikio kinachochomekwa mahali pa fyuzi na kubeba fyuzi mbili, usikate waya wa gari. Tapu nayo ina upande: ukichomoa fyuzi ya asili na kupima zile nafasi mbili, moja ina umeme na nyingine haina. Mguu wa tapu unaolisha fyuzi zote mbili uende kwenye nafasi yenye umeme. Ukigeuza, kamera itawaka vilevile, lakini umeme wake utapitia pia kwenye fyuzi ya asili ambayo haikuhesabiwa mzigo huo. Fyuzi ya kamera iwe ndogo, ampea 2 zinatosha, na ya asili irudi na namba ile ile.

Waya wa bodi watu wanaudharau. Uende kwenye boliti inayoshika chuma cha bodi, sehemu isiyo na rangi wala kutu. Usiufunge moja kwa moja kwenye kichwa hasi cha betri, kwa sababu magari mengi ya umeme yana sensa pale inayohesabu umeme unaoingia na kutoka, na ukiipita sensa gari litadhani betri ndogo imejaa kuliko ilivyo. Sisi tunaokaa karibu na bahari, Kigamboni, Msasani, Mbezi Beach, tuikague boliti hiyo kila baada ya miezi michache, maana chumvi ya hewani inaila taratibu na kamera inaanza kujizima bila sababu inayoonekana.

Waya unaopanda kwenye nguzo ya kioo upite nyuma ya eabegi ya pazia (ile inayoshuka pembeni mwa vioo vya milango), ukifungwa kwenye waya za gari zilizopo. Ukipita mbele yake, siku eabegi ikifumuka itaurusha waya ndani ya gari, pamoja na kipande cha plastiki ya nguzo. Kamera yenyewe ikae karibu na kioo cha kutazamia nyuma, isiizibe kamera ya gari inayosoma mistari ya barabara.

Kuhusu kamera ya kununua nina msimamo mmoja tu: iwe ya kapasita (kifaa kidogo cha kuhifadhi umeme kisicho betri), isiwe yenye betri ya lithiamu ndani. Gari likiachwa juani Posta mchana wa Februari, dashibodi inaweza kupita nyuzi 60, na kibetri kidogo cha lithiamu kwenye kioo huvimba. Kadi ya memori nayo iwe ya zile zilizotengenezwa kwa kurekodi mfululizo. Ya simu itakufa kimya kimya na utagundua siku unapoihitaji.

Gari lililokuja kutoka Japani likiwa na kamera yake, rekebisha saa. Japani iko mbele yetu kwa saa 6. Nalisema kwa sababu nimeona umuhimu wake Buguruni, daladala iliporudi nyuma kwenye foleni ikanigonga, na konda akashuka akipiga kelele kwamba mimi ndiye niliyemgonga kwa nyuma. Nilimwonyesha afande video kwenye simu. Kitu cha kwanza alichotazama ni tarehe na saa kwenye pembe ya picha, ndipo akatazama gari. Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2015 inaukubali ushahidi wa kielektroniki, na mahakama inaangalia jinsi ulivyotunzwa, kwa hiyo faili la asili liache kwenye kadi, kadi itoe, weka nyingine. Video usiirushe kwenye magrupu ya WhatsApp. Tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi tangu 2022, na watu waliomo kwenye video yako hawakuomba kurekodiwa. Ndani ya gari mimi nimezima maikrofoni.

Wengine wananiuliza, kwa kuwa waya umeshapitishwa, kwa nini wasiunganishe na kitambua rada hapo hapo ili wakwepe tochi, vile vifaa vya trafiki vya kupima kasi, njia ya Morogoro. Kiumeme inawezekana, kinaunganishwa kwenye umeme wa kuwasha gari tu. Ushauri wangu ni usinunue. Tochi ya leza hutuma mwale mwembamba sana, umbali wa mita 300 upana wake ni kama mita 1. Kifaa kikilia, mwale umeshakugusa na kasi imeshasomwa. Upande wa rada, mawimbi ya gigahetzi 24 yanatumiwa pia na milango inayojifungua ya maduka makubwa na sensa za pembeni za magari mengi, kwa hiyo mjini kinalia mpaka unakizima. Vioo vya baadhi ya magari ya umeme vina utando wa chuma wa kuzuia joto, nao unapunguza kinachokifikia. Na zaidi ya yote, upinzani wa upepo unakua kwa mraba wa kasi. Kwenye gari la umeme anayekimbia anazila kilomita zake mwenyewe. Weka kidhibiti mwendo kwenye 50 ukiingia Kibaha, Mlandizi na Chalinze, watoto wavuke, na chaji ikufikishe.

Kazi ikiisha, usimlipe fundi ukaondoka. Lifunge gari lilale, asubuhi pima betri ndogo kabla hujafungua chochote kingine. Kama mita inasoma 12.2 au zaidi na gari linawaka, kamera haikuimaliza betri usiku. Halafu chukua karatasi, andika namba za fyuzi ulizozitumia, boliti ya bodi iko wapi, kikata umeme kimewekwa volti ngapi, na uiweke pamoja na kitabu cha gari. Fundi atakayekuja baada ya huyu ataanzia hapo.