Kuhusu neno "daemon" kwenye kompyuta ya mwanao

Dada, umeuliza kama uifute programu ya Linux (mfumo unaoendesha kompyuta) iliyoandikwa "daemon" kwa kuwa wewe na mwanao mmeingiwa na hofu, maana neno hilo linafanana na "demon" la Kiingereza, yaani pepo. Tafadhali usiifute. Neno lenyewe ni la Kigiriki, daimon, na zamani lilimaanisha roho iliyo kati ya miungu na binadamu, njema au mbaya. Mwanafalsafa Socrates, akijitetea mahakamani Athens mwaka 399 KK, alisimulia sauti ya namna hiyo iliyomzuia kila alipotaka kutenda lisilofaa. Haikumchochea hata mara moja, ilimzuia tu.

Maana ya ubaya tu ilikuja baadaye. Wayahudi waliotafsiri Zaburi kwa Kigiriki walilitumia kwa miungu ya mataifa, kisha Agano Jipya likalitumia kwa pepo wachafu. Kiingereza kikarithi maana hiyo kupitia Kilatini.

Wataalamu wa kompyuta wa MIT, chuo kikuu cha Marekani, walilichukua neno hilo miaka ya 1960 kutokana na kiumbe wa kufikirika wa mwanafizikia Maxwell, anayechambua molekuli bila kupumzika. Kwenye kompyuta, daemon ni programu zinazofanya kazi chinichini: cupsd, kwa mfano, hupokea kazi za printa. Ukiifuta, mwanao hataweza kuchapa kazi zake za shule.