Olave Alikatisha Ruti, ila Hakuwa Mvivu

Ndugu Mhariri, swali lenu la wiki hii, "Pasi ndefu ikianguka patupu, alaumiwe nani: aliyerusha au aliyekimbilia?", limenikuta penyewe. Naishi Columbus, Ohio, mji wa Chuo Kikuu cha Ohio State, tangu 2014. Nafanya kazi ghalani, zamu ya usiku, na kuanzia Septemba mpaka Januari, msimu wa futiboli ya Kimarekani, ile ya kurushiana mpira kwa mkono, haipiti wiki bila swali hilo kugombewa kwa sauti inayoshinda mashine. Kuna kambi ya "mrushaji hana mkono" na kambi ya "mpokeaji hana moyo". Nanyi mmechomekea kiswali cha uchokozi, kama wapokeaji wa siku hizi wanajituma au wanatalii tu. Hicho ndicho kilichoninyima usingizi wa mchana.

Kesi yangu ni ya usiku mmoja. Tarehe 28 Desemba 2019, Glendale, Arizona, nusu fainali ya ubingwa wa vyuo, Ohio State na Clemson. Tuliongoza 16–0. (Nasema "tuliongoza" kama vile nilivaa jezi; mji huu hukuingiza kwenye timu bila kukuuliza.) Clemson wakarudi, wakatupita, ikawa 29–23. Zimebaki sekunde 37, mpira uko kwenye yadi ya 23 ya Clemson, na tachidauni moja (kufikisha mpira eneo la mwisho, pointi 6) na teke lake la pointi 1 vinatosha kutupeleka fainali. Justin Fields, kwotabeki wetu, yaani mrushaji wa pasi, akarusha kuelekea eneo la mwisho, pale Chris Olave, mpokeaji wetu, alipotakiwa kuwa. Olave hayupo. Aliyekuwepo ni Nolan Turner, beki wa Clemson, ametulia kama mtu aliyekuja stendi kupokea mzigo wake kutoka mkoani. Akaudaka. Kwetu ikawa imeisha.

Sebule niliyokuwamo ilijaa watu na mabawa ya kuku. Ikawa kimya. Wa kwanza kufungua kinywa alikuwa kijana mmoja wa Uvira, Kongo, tunayefanya naye kazi, ambaye mchezo huu ameukulia hapahapa. Akasema, "Mukubwa, ule ni uvivu tu. Aliacha kukimbia."

Na kweli, ukitazama marudio, Olave alivunja mbio na kugeuka, na mpira ukaenda kule alikoacha kwenda. Sisi wa Dar es Salaam tuna jina la kosa hilo. Kibao cha daladala kinasema Mbagala–Kariakoo, mmefika Mtoni, konda anagonga bati: mwisho wa gari, shukeni. Gari limekatisha ruti. Abiria wanateremka wakitukana, na hakuna anayeuliza dereva aliona nini mbele. Olave alikatisha ruti. Baada ya mchezo hakuficha: alieleza kwamba alidhani Fields ameamua kukimbia na mpira mwenyewe, ndiyo maana akaiacha njia yake.

Maelezo hayo watu wengi waliyachukua kama kisingizio, na mimi nadhani ndipo wanapokosea. Wapokeaji wanafundishwa tangu sekondari kwamba mrushaji akibanwa, akatoka kwenye uzio wa walinzi wake na kuanza kuhangaika, ruti iliyopangwa imekufa. Aliye mbali arudi, aliye karibu akate kwenda mbele, kila mmoja atafute mahali pa kuonekana. Ni amri, na mchezaji asiyeitii anafokewa mazoezini. Olave aliitii amri sahihi kwa wakati usio sahihi. Tena Fields siku hiyo alicheza na goti lililoumia kwenye mechi ya Michigan mwezi mmoja nyuma. Mtu mwenye goti bovu hatua zake hazisomeki kama kawaida. Mvivu ni yule ambaye hakuwa akimtazama mwenzake kabisa. Huyu alimtazama mno.

Yananigusa kwa sababu yalinikuta. Nikiwa kijana nilicheza winga ya kulia kwenye timu ya mtaani, uwanja wa mchanga, magoli ya miti. Kiungo wetu alikuwa na mguu mzuri wa mipira mirefu na tabia mbaya ya kughairi. Anainua kichwa, nachomoka. Ananyanyua mguu, anageuza anapasia nyuma. Mara ya kwanza, ya pili, ya tatu. Ya nne nikasimama, na hiyo ndiyo aliyoipiga. Mpira ukatoka nje, na kocha akanipa jina la Mzee wa Kivulini ambalo lilidumu miaka miwili. Hakuna aliyemwita kiungo jina lolote.

Sasa nije kwenye hesabu, kwa sababu kijiweni watu wanazungumza kama vile mrushaji anamwona mpokeaji yuko wazi halafu anamtupia. Kwenye pasi ndefu haiwi hivyo. Mpira unaondoka mkononi wakati mpokeaji bado yuko bega kwa bega na beki. Unarushwa mahali patupu, kwa kuaminiana kwamba mtu atafika. Mpokeaji anayekimbia yadi 40 kwa sekunde 4.5, na huyo ni mwepesi wa kawaida kwa ngazi hii, anakwenda karibu yadi 9 kila sekunde. Akisita kwa sehemu mbili za kumi za sekunde, muda ambao hata kope haijamaliza kufumba na kufumbua, amepoteza karibu yadi 2. Yadi 2 ndiyo tofauti ya mpira kutua viganjani na mpira kugusa ncha za vidole halafu watu wote ukumbini washike vichwa.

Kuna na shingo. Lazima ageuke autafute mpira. Akigeuka mapema anapungua kasi, na ukiwa mbele ya runinga utaapa kwamba amelegea. Akichelewa kugeuka, mpira unampita sikioni, na utaapa kwamba hakuwa makini. Nimewahi kumsikia mtu mmoja akimlaumu mpokeaji yuleyule kwa makosa yote mawili ndani ya robo moja ya mchezo, huku anatafuna.

Futiboli ya vyuo nayo ina mambo yake yanayoifanya pasi hiyo iwe ngumu kuliko ya wale wa kulipwa. Kila mchezo, yaani kipande cha mechi kuanzia mpira unapoanzishwa mpaka unaposimama, unaanzia kati ya safu mbili za alama ndogo uwanjani. Kwa wa NFL, ligi hiyo ya kulipwa, safu hizo ziko karibukaribu, futi 18 na nusu. Kwa vyuo zimeachana futi 40. Maana yake mpira ukiangukia upande mmoja, upande wa pili unakuwa shamba. Kutoka alama ya kushoto mpaka mstari wa nje wa kulia ni futi 100, yaani yadi 33 za kukata upana tu, kabla hujaanza kuhesabu za kwenda mbele. Mvulana wa miaka 20 anatakiwa arushe hiyo huku jitu la kilo 130 linamjia kifuani.

Halafu kuna adhabu, na hii ndiyo inaniudhi. NFL, beki akimshika mpokeaji kabla mpira haujafika, mpira unawekwa pale alipomshikia, hata kama ni yadi 45 mbele. Vyuoni adhabu haizidi yadi 15. Beki wa chuo aliyeachwa na mtu na anaona mpira unakuja ana hesabu rahisi: mshike mkono, ulipe 15, uokoe tachidauni. Si kila anayefanya hivyo anapigiwa filimbi. Kwa hiyo baadhi ya zile "alipunguza mwendo" zenu, ukizirudia polepole, kuna kiganja kimeng'ang'ania jezi kiunoni.

Lakini kurudia polepole kunataka picha, na runinga haikupi. Kamera inamfuata mpira. Mpira unapoanzishwa wapokeaji wanatoka kwenye fremu, sekunde tatu hujui walipo, kisha mpira unashuka kutoka juu na mtu anaibuka akiwa nyuma yake kwa hatua moja. Umekosa ruti yote, umeona kituo cha mwisho, na kwa hicho unatoa hukumu.

Nililijua hili siku niliyopewa tiketi ya bure ya uwanja wa Ohio State, ule mkubwa wenye umbo la kwato, unaoingiza watu zaidi ya 100,000. Kiti kilikuwa juu kabisa, karibu na ndege. Wenzangu walinicheka, kumbe ndicho kiti bora kwa mtu mwenye swali kama lenu. Kutoka kule unawaona wote 22 kama kete za bao. Na nakiri, Mhariri, niliuona uvivu. Ila haukuwa kwenye pasi ndefu. Ulikuwa kwenye michezo ambayo mpira unakwenda upande mwingine: mpokeaji wa timu ngeni, kila mchezo ukiwa wa kukimbia na mpira, alikuwa anatoka hatua tatu, anasimama, mkono kiunoni, anatazama wenzake wakigongana. Ukiwa wa pasi, anachomoka. Mpaka kufikia mapumziko hata mimi muuza macho kule juu nilikuwa najua kinachokuja kwa kumtazama yeye. Beki wake alijua zamani. Pasi ndefu ilipokuja kwake robo ya nne alikimbia kwa moyo wote, na waliomzunguka walikuwa wawili.

Kama mnataka kupima kujituma, pimeni hapo. Wenye kuona mbali kidogo wataukumbuka usiku wa 8 Januari 2018, Atlanta, fainali ya Alabama na Georgia. Muda wa nyongeza, Alabama wako nyuma kwa pointi tatu, na kwotabeki wao Tua Tagovailoa, mwanafunzi wa mwaka wa kwanza aliyeingizwa kipindi cha pili, amekamatwa na kurudishwa nyuma yadi 16. Sasa anadaiwa yadi 26 ili timu ipate majaribio mapya. Mchezo uliofuata akatazama upande mmoja, akamvuta beki wa nyuma kwa macho, kisha akageuka na kurusha kushoto, yadi 41, tachidauni, 26–23. Aliyeupokea ni DeVonta Smith, naye wa mwaka wa kwanza, ambaye msimu ule mpira ulimjia kwa nadra. Kila anayesimulia anasimulia mkono wa Tagovailoa na macho yake. Mimi namtazama Smith: anakimbia ruti yake kamili, kwa kasi ileile, wakati mrushaji ameangalia kwingine. Angeitafsiri ile shingo iliyogeuka kama "leo si mimi", angepunguza kidogo tu, na sote tungesema Tagovailoa alirusha mrefu mno. Miaka mitatu baadaye Smith alibeba tuzo ya Heisman, ya mchezaji bora wa vyuo.

Hapo utaniambia: sasa je, Olave naye si angeendelea tu? Angeendelea. Ndiyo maana nasema alikosea. Ninachokataa ni jina mlilolipa kosa lake.

Neno "uvivu" limenoga zaidi tangu pesa ziingie. Mpaka katikati ya 2021 mchezaji wa chuo hakuruhusiwa kuuza hata jina lake. Watu walikuwa wanamlaumu kwa adabu, mtoto wa shule yule. Tangu Julai mwaka ule wanaruhusiwa kulipwa kwa jina na sura zao, na kuanzia 2025 vyuo vyenyewe vinawalipa moja kwa moja. Sasa ghalani hoja imekuwa "huyu analipwa kuliko mimi, akimbie." Naielewa hasira hiyo, maana na mimi nasimama saa kumi kwa siku kwa mshahara ninaoujua. Lakini pesa haibadilishi muda ambao mpira unakaa hewani.

Mmeuliza alaumiwe nani, nami nimezunguka kama daladala iliyokwepa trafiki, kwa hiyo nitie namba: kwa pasi ndefu kumi zinazoanguka patupu, ningewapa wote wawili kwa pamoja saba, maana walisoma kurasa tofauti. Mbili ni za mrushaji. Moja ni ya uvivu, na hiyo moja mzizi wake uko robo ya kwanza, kwenye mchezo ambao hamkuutazama. Namba hizi ni za kijiweni, msizichape kwa wino mzito.

Hadithi ya Olave ina kipande cha pili. Angeweza kuondoka akiwa na jina lile. Tarehe 1 Januari 2021, New Orleans, nusu fainali tena, Clemson tena, Fields na Olave tena. Fields aligongwa mbavuni kipindi cha kwanza akagaagaa, akarudi uwanjani akiwa amepinda, akarusha tachidauni 6. Mbili alizipokea Olave. Ya pili ndiyo niliyokuwa naisubiri mwaka mzima: yadi 56, mpira mrefu katikati ya uwanja, na Olave hakukatisha kitu. Alikwenda mpaka Kariakoo. Ikaisha 49–28. Alipomaliza chuo alikuwa ameweka rekodi ya Ohio State ya tachidauni 35 za kupokea, na leo uwanja uleule wa New Orleans ndio nyumbani kwake kwenye ligi ya kulipwa. Cha kuchekesha, Fields aliitwa namba 11 kwenye uteuzi wa wachezaji wapya wa NFL wa 2021, na Olave namba 11 wa 2022.

Usiku ule wa yadi 56 simu yangu ilitetemeka kabla Olave hajasimama. Ni yule kijana wa Uvira: "Mukubwa, nilikuambia huyu mutu ni wa kazi!" Nimemkumbusha mara nyingi aliyoyasema kuhusu Glendale. Anakana mpaka leo, na ana shahidi mmoja ambaye usiku ule hakuwepo hata sebuleni.