Barua kwa mwanangu: kwa nini tulikuwa tunawahi treni ya saa kumi

Mwanangu,

Ujumbe wako wa sauti nimeusikiliza, kisha nikamsikilizisha mama yako, naye akacheka hadi akafuta machozi. Umeuliza hivi: “Baba, kwa nini Jumapili mlikuwa mnatuburura nje hata mvua ikinyesha? Na kwa nini kila tukianza kunogewa mnakunja mkeka, eti tuwahi treni ya saa kumi, jua lenyewe bado liko juu?” Unasema sasa na wewe unao wawili hapo Leipzig, mume yuko zamu, maduka yamefungwa, na Jumapili zinakuwia ndefu. Swali la kwanza ningelijibu kwa simu. La pili nimeona nikuandikie, kwa sababu kwenye simu ungenikatiza.

Tuanze na la kutoka nje, ndilo jepesi. Unaikumbuka nyumba yetu ya Wedding, mtaa wa Berlin: vyumba viwili, ghorofa ya tatu, sakafu ya mbao inayolia hata paka akipita. Chini yetu alikaa mzee mmoja na ufagio wake. Kaka yako akiruka kutoka kitandani, mzee naye anajibu kwa mpini, ko ko ko kwenye dari yake. Siku za kazi tulivumiliana, ila Jumapili ilikuwa siku yake, na sheria ilikuwa upande wake. Katika nchi hii ya Ujerumani Jumapili imo ndani ya katiba. Kifungu kiliandikwa mwaka 1919, kikachukuliwa kama kilivyo kwenye katiba ya 1949: Jumapili na sikukuu zinalindwa kuwa siku za kupumzika kazi na kuinua roho. Sasa roho ya mzee iliinuka kwa ukimya, na za kwenu ziliinuka kwa kurukaruka juu ya kichwa chake. Berlin ilikuja kuweka kwenye sheria kwamba kelele za watoto zivumiliwe, lakini hiyo ilikuwa 2010, wewe ulishamaliza shule.

Tungeweza kuwanyamazisha. Wenzetu wengi walifanya hivyo, wakawasha televisheni asubuhi na kuizima usiku. Mimi sikupenda. Mtoto anayeambiwa “shii” kuanzia chai mpaka chakula cha usiku anaishia kuamini kwamba yeye ni kero tangu kuzaliwa. Nimekulia Lindi mimi. Kule Jumapili mtoto anafungua mlango anapotea, njaa ndiyo inayomrudisha. Akifanya utundu kwa jirani anachapwa huko huko, akifika nyumbani anaongezewa. Hapa jirani ukitaka kumtembelea unapiga simu wiki mbili kabla, na ukifika unakuta keki imekatwa vipande sawasawa na idadi ya watu walioalikwa. Mtaa wa kuwaachia haukuwepo, kwa hiyo Jumapili aliyokuwa mama yako hana zamu kule kwa wazee tuliwabeba tukautafute.

Mara nyingi hatukwenda mbali. Tulishika njia ya bustani ya Rehberge kwa miguu kuwatazama nguruwe pori nyuma ya uzio, tukipita Sansibarstraße na Tangastraße, na kaka yako akisoma vibao kwa sauti kana kwamba anaita abiria wa basi. Kulikuwa na barabara moja nikiwapitisha haraka, Petersallee. Huyo Carl Peters, Mjerumani aliyetutwalia nchi kuwa koloni, ndiye watu wa kwetu walimwita Mkono wa Damu. Hamkuwa na umri wa kuelezwa, nami sikutaka kueleza huku nimeshika barafu za watoto watatu zinayeyuka. Mwaka 2024 jina lake waliliondoa. Kipande kimoja sasa kinaitwa Maji-Maji-Allee, kwa vita iliyoanza 1905 kwenye vilima vya Matumbi, si mbali sana na kwetu. Mkija tutapita hapo polepole.

Au tulipanda feri ya ziwa la Wannsee kwenda Kladow, ng'ambo ya pili. Hiyo mnaidhani ilikuwa anasa, kumbe tiketi ni ile ile ya basi na treni, dakika ishirini juu ya maji na upepo wa bure. Mimi nilikuwa nakaa upande wa mbele nikijidanganya kwamba navuka kwenda Kitunda, ng'ambo ya mji wa Lindi.

Mvua ikizidi ndiyo tunaingia makumbusho, kwa yule mjusi wetu, yaani dinosaria. Huyo sitaacha kumtaja. Mifupa yake ilichimbwa Tendaguru, ndani huko Lindi, kati ya 1909 na 1913, ikabebwa vichwani na mabegani na wapagazi siku kadhaa mpaka bandarini. Kila nikiingia ule ukumbi naona kwanza vichwa vya wapagazi, ndipo namwona mnyama. Mdogo wako alimfuata mlinzi wa ukumbi akamwambia kwa Kijerumani chake cha chekechea, “Huyu ametoka kwa bibi yangu.” Mlinzi akainama, akamwuliza kwa adabu kabisa kama bibi anamhitaji arudishwe. Mtoto akafikiri sana, kisha akasema bibi hana nafasi uani. Ukimpeleka mjukuu wangu utaona wamembadilisha. Ninyi mlimwona mkia ukiburuta chini na miguu ya mbele imepinda. Walimfungua wakamsimamisha upya, akafunguliwa kwa watu 2007, mkia hewani, miguu imenyooka, kimo mita 13.27. Nilipomwona hivyo nilihisi kama ndugu aliyetoka hospitali amepona.

Safari za mbali zilikuja na ile tiketi ya wikiendi. Ilianza 1995 kwa mark 15, pesa ya kabla ya euro, watu watano, treni zote za mikoani Ujerumani nzima. Watano! Kama vile mtu wa reli alipita nyumbani akatuhesabu. Bei ikapanda upesi, kufika mark 35, bado kwetu ilikuwa nafuu kuliko kwenda sinema. Sharti ni moja, usipande treni za kasi, na hilo halikutusumbua maana haraka ya nini. Mama yako anaamka alfajiri kusukuma chapati, mimi najaza chupa ya chai, hotpoti ya wali inavikwa taulo na kuwekwa kwenye kigari cha mdogo wako, yeye mwenyewe anatembea.

Warnemünde, kule pwani ya Baltiki, mnaikumbuka nyote, kila mmoja kwa lake. Mama yako anakumbuka kwamba alitandika mkeka pahali pazuri penye nafasi, akamenya na mayai, ndipo alipoinua macho akagundua kwa nini pana nafasi. Wazee wa Kijerumani wanatembea pwani kama walivyozaliwa, wanasalimia, mmoja ameshika gazeti. Hakupiga kelele. Aliugeuza mkeka ukaelekea treni, akawageuza na ninyi, mkala wali mkiwa mmeipa bahari mgongo. Kaka yako alipofika majini alionja, akatema, akarudi kunishtakia kwamba bahari hii wamesahau kuitia chumvi. Na kweli, ile ya Baltiki chumvi yake haifiki hata nusu ya yetu.

Sasa saa kumi.

Ule mji wa Warnemünde unafikiwa kwa treni ndogo kutoka Rostock, na treni hiyo inasimama Lichtenhagen. Karibu na kituo kuna ghorofa ndefu yenye maua makubwa ya alizeti ukutani. Wewe uliyapenda yale maua, ulikuwa unayangojea. Mimi na mama yako tulikuwa tunatazama viatu vyetu. Agosti 1992 ndiyo nyumba ambayo wachukia wageni waliizingira kwa siku kadhaa, wakaitupia chupa za moto huku ndani mna Wavietinamu zaidi ya mia na watoto wao, na majirani wamesimama nje wanapiga makofi. Waliokuwa ndani walipona kwa kutorokea juu ya paa. Miaka michache tu baadaye sisi tunapita hapo na hotpoti.

Na kabla ya hapo kulikuwa na Eberswalde, ambako kwa treni kutoka Berlin hufiki saa nzima. Novemba 1990 kundi la vijana lilimpiga Amadeu Antonio, mfanyakazi kutoka Angola, na Desemba akafariki bila kuamka. Alikuwa na miaka 28, na mwenzake alikuwa mjamzito. Habari zile kwetu hazikuwa za gazeti. Kila Mwafrika niliyemjua Berlin alianza kuhesabu: stesheni gani ya kushuka, gani ya kupita, saa ngapi, behewa gani.

Hesabu yetu ilikuwa hivi. Asubuhi ya Jumapili Brandenburg yote, lile jimbo linaloizunguka Berlin, iko salama, imelala. Mchana ni familia na baiskeli. Kuanzia jioni vijana wanatoka mpirani na kwenye baa, wameshalewa, na kwenye treni huna pa kushuka. Ukitoka pwani saa kumi, unaingia Berlin kabla behewa halijabadilika sura. Tulikaa karibu na kondakta. Mama yako alikaa upande wa njia, ninyi dirishani. Mliambiwa ni kwa ajili ya kuona ng’ombe.

Siku moja hesabu haikutoka. Treni ilichelewa, na mbele ya Neustrelitz wakapanda watatu, vichwa vimenyolewa, buti ndefu. Mmoja akasimama mbele yetu akaanza kupiga teke mguu wa kiti, taratibu, teke, anatutazama, teke. Kondakta sikumwona popote. Mama yako akafungua hotpoti akawagawia chapati, mikono yake haitetemeki, akakuuliza wewe ng’ombe weusi wamefika wangapi. Upande wa pili alikaa bibi mmoja wa Kijerumani na kapu la cheri. Akainuka, akaja akajibana kwenye kiti pembeni yako, kapu akaliweka mapajani mwako. Hakusema kitu kwetu wala kwao. Yule kijana akaendelea kidogo, kisha wenzake wakamwita wakahamia behewa jingine. Bibi alibaki mpaka Oranienburg, akashuka, kapu likiwa limebaki majani.

Zile cheri umewahi kuzitaja, tena mbele ya mumeo, kwamba hujawahi kula tamu kama zile. Nami nilinyamaza. Tulikubaliana mapema, mimi na mama yako, kwamba hofu tutaibeba wawili na ninyi mtabeba mkeka. Wapo waliotuona wajinga. Rafiki yangu mmoja aliniambia ukiwa na watoto weusi kaa Wedding, kaa Kreuzberg, huko nje hukudondosha kitu. Sikumlaumu, alikuwa na makovu yake. Lakini mngekua mnaijua Ujerumani kama vituo vya U-Bahn, treni ya chini ya ardhi, tu, na mahali pengine pote kama giza. Tukaona tuwape nchi mchana, jioni tuwarudishe.

Unaniuliza, bila kusema, kama na wewe ufanye hivyo hivyo. Sina uhakika kwamba ni yangu kukuamulia. Leipzig unaijua kuliko mimi, na miaka hii mingine najua unasoma yale yale ninayosoma. Usikae ndani, hilo nitalisema. Hapo kwenu kuna Cospudener See, lile shimo la makaa ya mawe walilolijaza maji, mchanga upo, na wanangu wale hawahitaji zaidi ya ndoo. Ile tiketi yetu waliifuta 2019. Hii ya mwezi ya nchi nzima iliyoanza 2023 kwa euro 49 imeshapanda, lakini kama mnayo tayari kwa ajili ya kazi basi Jumapili haiwagharimu zaidi, na watoto chini ya miaka sita hawalipi. Saa ya kurudi uichague mwenyewe kwa macho yako. Ukiona behewa zuri, kaeni hadi jua lizame, hilo sisi hatukuwahi kuwapa.

Kama uwaeleze wanao habari ya Lichtenhagen, mimi ningesubiri wajue kusoma. Wewe nimekusubiri zaidi ya hapo, na kwa kweli sikupanga iwe ndefu hivi, kila mwaka nilikuona bado unafurahia cheri zako.

Mama yako anasema suruali za mvua ununue zile zenye kanda chini ya kiatu, bila kanda zinapanda. Na hotpoti kubwa ni yako, ila uifuate mwenyewe, kwa posta haiendi.

Baba yako