Kumuenzi babu aliyezikwa Kaboya

Mdogo wangu wa Tabora, umeuliza namna ya kumuenzi babu yako aliyefia katika Vita vya Kagera vya 1978 hadi 1979 na kuzikwa katika makaburi ya mashujaa ya Kaboya, wilayani Muleba, ilhali bibi hana tena nguvu za kusafiri. Ningekushauri uanze na bibi mwenyewe, tena mapema: keti naye jioni, umrekodi kwa simu akieleza siku babu alipoaga kwenda vitani, nani alileta taarifa ya msiba, na maneno gani ya Kinyamwezi aliyapenda marehemu, kwa kuwa habari kama hizo hazimo katika jalada lolote la jeshi. Barua na picha zake zihifadhiwe mahali pakavu. Siku ya Mashujaa, 25 Julai, yafaa kwa kisomo au misa, kulingana na imani yenu, ila isiwe shughuli kubwa ya kumchosha bibi. Mmoja wenu atakapokwenda Kaboya, aulize kwanza utaratibu kwa mshauri wa mgambo wa wilaya, yaani afisa wa jeshi anayesimamia mgambo wilayani. Na bibi aulizwe angependa kusema nini kaburini, maneno yake yafikishwe kama alivyoyatamka.