Ukichomwa sindano kazini, andika siku hiyohiyo

Jumatatu alfajiri nilipokea ujumbe wa muuguzi kijana: "Sista, juzi usiku nilichomwa na sindano niliyomtolea mgonjwa damu. Mkuu wa wodi kaniambia nioshe tu, nisikuze mambo. Nifanyeje?" Nilimjibu nikiwa bado kitandani: nenda ukapimwe sasa hivi, saa 72 za kuanza dawa za kinga hazijaisha.

Maneno hayo ya "osha tu" niliwahi kuambiwa mimi, nikayatii. Wodi ilikuwa imejaa, tuko wauguzi wawili. Mgonjwa alishtuka, sindano ikapenya glavu. Nikaosha kwa maji na sabuni, nikabandika plasta, nikaendelea na zamu. Sikupimwa wala kuandika popote. Nilitaka nionekane mvumilivu.

Miezi minane baadaye nikakutwa na homa ya ini aina B. Chanjo nilikuwa nimepata dozi moja tu kati ya tatu. Nikajaza fomu ya fidia, nikaulizwa swali moja: utathibitishaje kwamba hukuwa na virusi hivi kabla ya usiku ule? Mwenzangu wa zamu alikuwa keshahamishwa, na akaogopa kuniandikia ushahidi. Dai likakataliwa. Miaka mingi niliyowahudumia watu haikuwa na uzito wa karatasi moja, na mpaka leo inaniuma.

Ndiyo maana nasema dai huanza kwenye chupa ya damu inayotolewa siku ileile. Kipimo cha awali kikionyesha huna maambukizi, halafu baadaye ukakutwa nayo, tarehe hizo mbili zitakusemea. Omba upimwe VVU na homa ya ini, B na C. Dawa za kinga dhidi ya VVU hutumiwa kwa siku 28, na zinapaswa kuanzwa mapema iwezekanavyo ndani ya saa 72. Kwa asiyechanjwa, sindano yenye virusi vya homa ya ini B inaweza kuwa na hatari ya kuambukiza inayofikia asilimia 30. Ya VVU ni kama asilimia 0.3. Anayekwambia uoshe tu hajui hesabu hiyo, au anajua na hakujali.

Wengi hunyamaza wakihofia lawama. Kwa kawaida mifumo ya fidia haikudai uthibitishe kosa la mtu. Inatosha kuonyesha kwamba uliumia ukiwa kazini. Mkataba nambari 121 wa Shirika la Kazi Duniani, wa 1964, unataja matibabu, malipo ukishindwa kufanya kazi, na malipo kwa wategemezi ukifariki. Muda wa kuripoti hutofautiana nchi kwa nchi, kwa hiyo usome wa kwako leo, kabla hujaumia.

Nilipoumia mgongo nikimhamisha mgonjwa, niliandika kabla zamu haijaisha: saa, mahali, nilichokuwa nikifanya, nani aliona. Mkuu wangu alinuna. Nikasimama pale mpaka akasaini, nikabaki na nakala. Matibabu yalilipwa, na siku nilizolala nyumbani zikalipwa pia. Acheni woga, wenzangu. Andikeni, msainishe, mtunze nakala nyumbani na si kwenye droo ya wodi.

Yule kijana amenitumia picha jana jioni. Ameanza dawa, na fomu yake ina muhuri.