Maswali Yenu: Hali 243 zilizogeuka bilioni nane

SWALI: Wataalamu, salaam. Nimeandika programu kwa lugha ya C, kwa maktaba ya CUDD, inayohifadhi seti za hali kama michoro ya maamuzi, ili nichunguze wavu wa Petri (vituo vinavyobeba tokeni, na mipito inayozihamisha) wa wanafalsafa watano mezani, ambao kila mmoja anahitaji uma wa kushoto na wa kulia ili ale. Kwa mkono napata hali 243 zinazofikika. Programu inadai ni 8,153,726,976. Nimepitia mipito yote 25, sioni kosa. (Mwanafunzi wa shahada ya pili, Dar es Salaam)

JIBU: Hesabu ya mkono ni sahihi. Kila uma uko mezani, au umeshikwa na jirani wa kushoto, au na wa kulia. Umeshaijua hali ya uma zote, umeshajua kila mwanafalsafa yuko wapi. Kwa hiyo ni 3⁵ = 243.

Sasa gawanya jibu la programu kwa 243. Utapata 33,554,432 bila baki, nayo ni 2²⁵. Wavu wako una vituo 25: kwa kila mwanafalsafa anawaza, ameshika wa kushoto, ameshika wa kulia, anakula, na uma wake. Bila shaka umeunda vigeu 25 vya hali ya sasa (kimoja kwa kila kituo: 1 kikiwa na tokeni, 0 kikiwa hakina) na 25 vya hali ijayo, kisha ukaipa `Cudd_CountMinterm`, inayohesabu hali, namba 50 kama idadi ya vigeu. Seti yako haitaji vigeu vya hali ijayo, basi kila kimoja kinahesabiwa kikiwa 0 na tena kikiwa 1. Weka 25 mahali pa 50.

Jibu lisipogawanyika hivyo, tafuta kosa jingine: umesahau kuuambia uhusiano wa mpito (fomula inayounganisha hali ya sasa na ijayo) kwamba vituo usivyovigusa vinabaki vilivyo. Mpito wa kuchukua uma mmoja hugusa vituo vitatu tu. Vile 22 usipovifunga, vinajijazia tokeni vyenyewe. Na ukipata hali chache mno, huenda umesahau kubadilisha majina ya vigeu vya hali ijayo kuwa vya sasa baada ya kila hatua.

Kwa wavu ambao kituo hakibebi zaidi ya tokeni moja, sisi tungeviacha kabisa vigeu vya hali ijayo. Chukua seti ya hali M, izidishe (yaani NA ya kimantiki) kwa sharti kwamba vituo vyote vya kuingilia, ambavyo mpito huchukua tokeni zake, vina tokeni, futa vigeu vya vituo vyote vinavyoguswa (`Cudd_bddExistAbstract`), kisha zidisha kwa thamani mpya: vya kuingilia tu 0, vya kutokea, vinavyopokea tokeni, 1. Vigeu vinapungua kwa nusu, na kosa lako lisingepata pa kuingilia. Kabla ya kufuta, kagua kama kituo cha kutokea, ambacho si cha kuingilia pia, tayari kina tokeni. Kikiwa nayo, wavu si wa tokeni moja na mbinu hii itakudanganya kimyakimya.

Jambo dogo la ziada: jibu la `Cudd_CountMinterm` ni namba ya desimali ya biti 64, ambayo haiaminiki kwa namba nzima zinazozidi 2⁵³. Wanafalsafa 34 tayari wamevuka hapo. Tumia `Cudd_ApaCountMinterm`, inayohesabu kwa tarakimu zote.

SWALI: Nina modeli ya karakana: mashine zinazojitegemea, kila moja na vituo viwili, "imepumzika" na "inafanya kazi". Mashine 20 zinakwenda kwa kusuasua, 30 zinamaliza RAM yote. Si walisema michoro ya maamuzi inabeba mabilioni ya hali? (Mhandisi, Nairobi)

JIBU: Inabeba, ukiipanga. Tunakisia vigeu vyako vimepangwa kwa alfabeti: "imepumzika" zote kwanza, halafu "inafanya kazi" zote.

Mchoro husomwa kutoka juu kwenda chini, na kila nodi huuliza kigeu kimoja: 0 au 1? Ukishasoma "imepumzika" 20, mchoro lazima ukumbuke jibu la kila moja ili uoanishe na mwenzake huko chini, na njia pekee ya mchoro kukumbuka ni kuwa na nodi tofauti kwa kila mchanganyiko. Kwa mashine n zinahitajika nodi 3·2ⁿ − 3. Mashine 20 ni nodi 3,145,725, ilhali hali zenyewe ni 1,048,576. Yaani mchoro ni mkubwa kuliko orodha ya kawaida! Kwenye kompyuta ya biti 64, nodi moja ya CUDD huchukua baiti 32, kwa hiyo hizo ni kama megabaiti 100. Mashine 30 zinadai zaidi ya gigabaiti 100.

Panga kila mashine na vituo vyake viwili bega kwa bega: mashine moja inadai nodi tatu tu, 20 zinadai 60. Hali ni zilezile.

Kupata mpangilio bora kuliko yote ni tatizo gumu kihesabu, kwa hiyo tunakisia kwa akili. Anza na jumla zisizobadilika: vituo ambavyo tokeni zao zikijumlishwa hazibadiliki daima vikae pamoja. Kwa mashine zako jumla ni 1, kwa hiyo hata kigeu kimoja kwa mashine kinatosha. Kisha jaribu FORCE, mbinu ya mwaka 2003: kila mpito una kitovu, yaani wastani wa nafasi za vituo vyake, kila kituo kinasogezwa kwenye wastani wa vitovu vya mipito inayokigusa, unarudia hadi mambo yatulie. Ni mistari michache ya programu.

`Cudd_AutodynEnable` hupanga upya wakati programu inaendelea, kwa mbinu ya kuchekecha (kigeu kimoja kimoja hujaribiwa kila nafasi) aliyoieleza Rudell mwaka 1993. Inasaidia, ila ukianza na mpangilio mbovu utakaa unaitazama ikichekecha tu.

SWALI: Mchoro wangu wa mwisho ni mdogo sana, lakini katikati ya kazi kumbukumbu inapanda hadi programu inauawa. (Msomaji, Kigali)

JIBU: Hilo ndilo linalowaangusha wengi, na lawama ni ya kwenda hatua kwa hatua, yaani kwa raundi: kila raundi huongeza hali zote zilizo mpito mmoja mbele ya seti iliyopo. Rudi kwenye zile mashine 20, kigeu kimoja kwa kila moja, zote zikianza zimepumzika. Baada ya raundi k, seti ni "zisizozidi k zinafanya kazi". Mchoro unalazimika kuhesabu, na nodi ni (k+1)(20−k): raundi ya 10 zinafika 110. Raundi ya 20 kila mchanganyiko unaruhusiwa, na mchoro wa CUDD unabaki jani moja tu, 1. Hapa ni mchezo. Sehemu za wavu zikitegemeana, kilele hupanda vibaya zaidi.

Tiba nyepesi ni kufyatua mipito mmoja baada ya mwingine, na matokeo ya kila mmoja yaingie papo hapo kwenye seti anayoipokea anayefuata. Mashine 20 zinamalizika kwa mzunguko mmoja badala ya raundi 20.

Tiba nzito ni ushibishaji, waliouchapisha Ciardo, Lüttgen na Siminiceanu mwaka 2001. Unaanza na nodi za chini kabisa. Kila nodi unaifyatulia mipito yote ambayo kigeu chake cha juu kabisa kiko kwenye ngazi hiyo, hadi isibadilike tena, ndipo unapanda. Nodi iliyoshiba ina nafasi kubwa ya kubaki kwenye mchoro wa mwisho, na ndiyo maana kilele hushuka. Mpito unaogusa kituo cha juu kabisa na cha chini kabisa huharibu faida hiyo, kwa hiyo mpangilio wa vigeu bado unakudai.

SWALI: Nikishapata seti nzima, mkwamo nautafutaje? (Yuleyule wa Dar es Salaam)

JIBU: Mkwamo ni hali ambayo hakuna mpito unaoweza kufyatuka. Zidisha seti hiyo kwa kinyume cha sharti la kila mpito. Kwa wanafalsafa wako lazima zibaki hali 2: wote wameshika wa kushoto, au wote wa kulia. Ukipata namba nyingine, kosa liko kwenye wavu.

Ukitaka pia njia fupi ya kufika huko, hifadhi seti ya kila raundi na urudi nyuma kutoka kwenye mkwamo, raundi moja moja. Ushibishaji hauachi raundi zozote nyuma yake, kwa hiyo kwa kazi hiyo itabidi upite upya hatua kwa hatua, angalau hadi raundi ambayo mkwamo unajitokeza. Kwa wanafalsafa watano ni raundi ya 5.